Charlotte Maxeke: Mwalimu, Mke wa Mchungaji, na Jina Lililofika Mazimbu

Mwaka juzi nilikwenda Morogoro na kundi la wanafunzi wangu kutazama majengo ya Mazimbu, ambayo leo ni kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengi wao walijua habari za Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Walijua pia kwamba eneo lile lilikuwa shamba la mkonge ambalo serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC mwaka 1977, wakati vijana waliokimbia Soweto walipohitaji mahali pa kusoma, na kwamba Mkuu wa Mkoa wa siku zile, Mama Anna Abdallah, alikuwa na mkono wake katika jambo hilo. Lakini nilipotaja kwamba kituo cha kulelea watoto cha jumuiya ile kilibeba jina la Charlotte Maxeke, nikaona nyuso zimekwama. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, huyo alikuwa mke wa nani?"

Wenzake walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu swali lake, hata kama aliliuliza kwa kutojua, lina historia ndefu. Katika maandishi mengi ya enzi zake mwanamke huyo aliitwa kwa jina la mumewe: Bibi Maxeke, mke wa Mchungaji Marshall Maxeke wa Kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo kwa ufupi huitwa AME. Leo, kwa upande wa pili, jina lake limetundikwa juu ya vitu vikubwa mno. Hospitali Kuu ya Johannesburg ilipewa jina lake mwaka 2008, na nyambizi moja ya jeshi la maji la Afrika Kusini inaitwa hivyohivyo. Mwaka 2021 ulitangazwa kuwa mwaka wake, kwa hesabu kwamba alizaliwa mwaka 1871. Amesifiwa kuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa nchi yake kupata shahada ya chuo kikuu. Yote hayo ni heshima anayostahili. Hata hivyo, naona kwamba kati ya "mke wa mchungaji" na nyambizi pameangukia kitu, nacho ni kazi yenyewe aliyoifanya kila siku kwa karibu miaka hamsini. Nataka kuizungumzia kazi hiyo.

Charlotte Makgomo Manye alizaliwa katika familia iliyoshikilia vitu viwili: mimbari na ubao. Baba yake, John Kgope Manye, alikuwa mtu wa kaskazini, wa watu wa Ramokgopa, msimamizi wa vibarua wa barabara na mhubiri asiye na cheo katika Kanisa la Presbiteri. Mama yake, Anna Manci, alikuwa Mxhosa wa Fort Beaufort na mwalimu. Binti alisomea Uitenhage kwa Isaac Wauchope, mchungaji na mshairi ambaye miaka mingi baadaye alizama na meli ya Mendi mwaka 1917, kisha akasoma Port Elizabeth kwa Paul Xiniwe. Mwaka 1885 familia ilihamia Kimberley, mji wa almasi, na huko msichana huyo ambaye alikuwa bado kijana mdogo akaanza kufundisha. Aliwafundisha wageni wa Kizungu lugha za wenyeji, na askari polisi wa Kiafrika akawafundisha Kiingereza cha kuanzia. Fikirini hali hiyo: msichana mweusi anasimama mbele ya watu wazima, baadhi yao wakiwa mabwana wa mji, akiwasahihisha matamshi.

Kilichomtoa nchini ni sauti yake. Yeye na mdogo wake Katie waliimba kanisani, na mwaka 1891 wakachukuliwa katika kwaya ya Waafrika iliyosafiri kwenda Uingereza kukusanya fedha za kujenga shule ya ufundi. Waliimba mbele ya Malkia Victoria huko Osborne mwezi Julai mwaka huo. Watazamaji walitaka kuona "Afrika", kwa hiyo nusu ya kwanza ya tamasha waimbaji walivaa ngozi na shanga, na nusu ya pili wakavaa gauni na suti, mavazi yao ya kawaida ya nyumbani Kimberley. Picha walizopigwa na kampuni moja ya London zilikaa ghalani kwa zaidi ya karne moja, kioo juu ya kioo, hadi zilipofukuliwa na kuonyeshwa hadharani mwaka 2014. Nimeziangalia mara nyingi. Mwalimu wa Kimberley amefungwa ngozi asiyoivaa kwao, na anaitazama kamera bila kutabasamu. Sisemi kwamba najua alichokuwa akikiwaza, ila ni vigumu kuamini kwamba somo la kuonyeshwa kama kitu lilimpita.

Fedha za safari ile hazikujenga shule. Hesabu ziliharibika na kwaya ikarudi mikono mitupu. Safari ya pili, ya kwenda Kanada na Marekani, ilikuwa mbaya zaidi: huko Cleveland, jimbo la Ohio, waimbaji wakajikuta wametelekezwa bila nauli. Waliowaokoa ni Wamethodisti weusi wa AME, wakiongozwa na mchungaji kijana wa mji ule, Reverdy Ransom. Kanisa lao lilikuwa na chuo kikuu chake, Wilberforce, na Charlotte pamoja na baadhi ya wenzake wakapokelewa humo. Mmoja wa walimu aliowakuta alikuwa W.E.B. Du Bois, aliyefundisha Kilatini na Kigiriki pale kati ya 1894 na 1896.

Hapa yafaa nisimame kidogo kueleza kanisa hilo ni la namna gani, kwa maana wasomaji wangu wengi wanaposikia "Methodisti" hufikiria wamisionari wa Kiingereza. AME ilizaliwa Philadelphia kutokana na hasira. Mwishoni mwa karne ya 18, waumini weusi wa kanisa moja la Methodisti waliinuliwa kwa nguvu wakiwa wamepiga magoti katika sala, kwa kuwa walipiga magoti mahali palipotengwa kwa Wazungu. Walitoka nje na Richard Allen, na mwaka 1816 likaundwa rasmi kanisa lenye maaskofu wao wenyewe. Kwa hiyo Charlotte alipoingia Wilberforce aliingia katika taasisi iliyomilikiwa na kuendeshwa na watu weusi, kuanzia baraza la chuo hadi jikoni. Kwao hakuwahi kuona kitu kama hicho.

Mwaka 1895 alimwandikia Katie barua. Katie alikuwa Johannesburg, na kupitia kwake barua ikafika machoni pa Mangena Mokone. Mokone alikuwa mchungaji wa Wesley aliyejiuzulu mwaka 1892 huko Pretoria na kuanzisha Kanisa la Kiethiopia. Alipojiuzulu aliorodhesha malalamiko yake: vikao vya wachungaji weusi vilitenganishwa na vya Wazungu lakini bado viliongozwa na Mzungu, na wake na watoto wa wachungaji weusi hawakupewa posho ilhali wa Kizungu walipewa. Namwomba msomaji alishike hilo la posho. Mke wa mchungaji mweusi alifundisha shule ya misheni, aliwalea wageni, aliongoza wanawake wa usharika, na katika daftari la misheni hakuwepo.

Barua ya Charlotte ilimjulisha Mokone kwamba ng'ambo lilikuwapo kanisa la watu weusi lenye maaskofu na chuo kikuu. Mokone akamwandikia Askofu Henry McNeal Turner. Mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana, na mwaka 1898 Turner mwenyewe akafika Afrika Kusini akabariki wachungaji kwa makumi. Wanahistoria wanaposimulia jambo hili huwataja Mokone, Dwane na Turner; mwanafunzi wa kike aliyeandika barua kwa mdogo wake hupewa sentensi moja. Lakini kanisa ambalo baadaye lilizitia hofu serikali za kikoloni, likafuatiliwa na wapelelezi kwa kosa la kueneza wazo la "Afrika kwa Waafrika", lilipata mizizi nchini kupitia bahasha hiyo.

Alirudi nyumbani mwaka 1901 akiwa na shahada ya sayansi. Mwaka 1903 akaolewa na Marshall Maxeke, Mxhosa aliyesoma Lovedale kisha Wilberforce, na ambaye sasa alikuwa mchungaji wa AME. Ndipo inapoanza sehemu ya maisha yake ambayo watoa hotuba huiruka kwa haraka ili wafike kwenye siasa.

Alifundisha. Alianza kaskazini katika nchi ya baba yake, chini ya ulinzi wa Chifu Ramokgopa, akifungua shule mahali ambapo shule haikuwepo. Yeye na mumewe walifanya kazi pia Transkei. Kubwa kuliko yote, walijenga shule Evaton, kusini mwa Johannesburg, mahali pamoja kati ya pachache ambapo mtu mweusi aliweza kununua kiwanja na kukiita chake. Shule hiyo, iliyokuwa imesimama ilipofika mwaka 1908, waliiita Wilberforce. Hazina yake haikutoka serikalini. Ilitoka kwa wanawake wa AME wa Marekani, wafuaji nguo na wapishi na walimu waliochanga senti kwa senti katika chama chao cha misheni, na Charlotte ndiye aliyewaandikia, akawahesabia, akawaomba tena. Yeyote aliyewahi kuendesha shule ya wananchi anajua kazi hii ilivyo: nusu ya mwalimu mkuu hukaa darasani, nusu ya pili hukaa mezani akiandika barua za kuomba.

Shule ilifundisha ualimu, na ilifundisha mikono pia. Wakosoaji wa baadaye waliona elimu ya namna hiyo kuwa ya kuandaa watumishi. Mimi nimewahi kuwa miongoni mwa wakosoaji hao, na bado nadhani hoja ina uzito. Ila naona sasa kwamba tulisahau kuuliza nani aliimiliki shule. Serikali ya Transvaal ilipofundisha ushonaji, ilitaka yaya. Mwanamke mweusi aliyekuwa na shahada alipofundisha ushonaji katika jengo lililonunuliwa kwa michango ya weusi wenzake, mwanafunzi alimwona mwalimu huyo kila asubuhi na akajua kwamba ushonaji si mwisho wa njia.

Tarehe 8 Januari 1912 chama ambacho baadaye kiliitwa ANC kilianzishwa Bloemfontein, na Charlotte alikuwepo. Nasema alikuwepo, kwa sababu uanachama kamili haukuwa wa wanawake. Wanawake walipewa nafasi ya usaidizi: malazi ya wajumbe, chakula, nyimbo. Mlango huo ulifunguliwa kikamilifu mwaka 1943, miaka minne baada ya kifo chake. Mwanamke ambaye pengine alikuwa na kisomo kuliko nusu ya ukumbi ule aliweza kuzungumza lakini hakuweza kupiga kura.

Mwaka uliofuata wanawake wa Bloemfontein waliinuka dhidi ya pasi. Katika jimbo la Orange Free State manispaa ziliwalazimisha wanawake weusi kubeba kibali cha kuishi, kibali cha kufanya kazi, hata kibali cha kufua nguo za watu kwa malipo. Mwezi Mei 1913 waliandamana, wakatupa vibali vyao, wakakamatwa, na walipopewa nafasi ya kulipa faini wakachagua jela. Makala nyingi humpa Charlotte sifa ya kuongoza maandamano hayo. Nawaomba wanafunzi wangu waache kuandika hivyo katika mitihani. Wanawake wa Bloemfontein walijiongoza: walikuwa wafuaji nguo, walimu, wake za makarani na wachungaji wa mji uleule. Kumpachika Charlotte juu yao ni kuwanyang'anya wao, na yeye hahitaji.

Alichokifanya ni kuipa hasira ile chombo cha kudumu. Mwaka 1918, serikali ilipofikiria kuirudisha pasi kwa wanawake, alianzisha Ligi ya Wanawake wa Kibantu na kuwa rais wake, na mwaka huohuo akaongoza ujumbe kwenda kwa Waziri Mkuu Louis Botha. Mwaka 1920 alikuwa Bloemfontein tena, katika mkutano wa wafanyakazi uliokusanya vyama vya ICU, akidai wanawake wapewe nafasi sawa katika chama cha wafanyakazi. Mwaka 1923 pasi kwa wanawake ililegezwa, na serikali haikuthubutu kuwalazimisha wanawake wa nchi nzima hadi miaka ya 1950. Waliofika Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, wanawake 20,000 wakiongozwa na akina Lilian Ngoyi, walikuwa wakitetea nafasi iliyokuwa imelindwa na mama zao.

Ni kweli pia kwamba hakuwa mwanamapinduzi wa aina tunayopenda kumchora ukutani. Mumewe alikuwa mhariri wa kwanza wa Umteteli wa Bantu, gazeti lililoanzishwa mwaka 1920 kwa fedha za wenye migodi ili kupoza joto la wafanyakazi, na Charlotte aliandika humo kwa Kixhosa kuhusu hali ya wanawake. Alikaa katika mabaraza ya pamoja na Wazungu waliberali. Alitoa ushahidi mbele ya tume za serikali. Kisha akachukua mshahara wa serikali yenyewe: alifungua ofisi ya kuwatafutia Waafrika kazi mjini Johannesburg, na akaajiriwa katika mahakama ya hakimu kuwaangalia watoto walioshtakiwa, kazi ambayo sisi tungesema ni ya ofisa ustawi wa jamii. Mwanamke mweusi hakuwahi kuishika kazi hiyo kabla yake.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu watalielewa jambo hilo kuliko wanaharakati, na naona ni hapo pana kiini cha maisha yake. Kila asubuhi Charlotte alisimama katika mahakama iliyotekeleza sheria alizozipinga jioni. Aliyeletwa mbele yake mara nyingi alikuwa mtoto aliyeiba, au msichana aliyekutwa mjini bila mtu wa kumdhamini. Angeweza kujiuzulu kwa heshima. Angekuwa safi, na msichana yule angebaki na hakimu peke yake.

Tunajua alichokiona pale, kwa kuwa alikieleza. Mwaka 1930 aliwahutubia wanafunzi Wakristo, weupe na weusi, waliokutana Fort Hare, juu ya hali ya wanawake na wasichana wa Kibantu. Hakuanza na dhambi, ingawa alikuwa mjane wa mchungaji (Marshall alifariki mwaka 1928) na ukumbi ulikuwa wa watu wa dini waliozoea kusikia kwamba wasichana wa mjini wameharibika. Alianza na nyumba. Alieleza kwamba mwanamume huondoka kijijini kwa sababu ardhi haitoshi na kodi inadai fedha. Mke hubaki na watoto, anangoja, fedha haziji, mwishowe anamfuata mjini. Huko hapewi chumba asipokuwa na mume pembeni. Aliyempoteza mume, au aliyeachwa, au aliyefiwa, hana mlango wa kubisha. Basi anamtafuta mwanamume yeyote ili apate paa. Kisha jamii humwita mhuni.

Msomaji aone mpango wa hoja. Waliomtangulia walisema wanawake wana tabia mbaya, ndiyo maana mji umeoza. Yeye alisema sheria ya makazi huzalisha tabia, na kisha sheria nyingine huiadhibu. Mwaka uleule wa 1930 serikali ilirekebisha sheria ya maeneo ya miji ili kumbana zaidi mwanamke aingiaye mjini bila mume au baba wa kumpokea. Hotuba yake haikuwa nadharia. Mwishowe aliwaambia vijana wale kwamba wakiwainua wanawake na watoto, wanaume nao watanufaika. Leo maneno hayo tunayasikia katika kila warsha, tumeyachoka. Mwaka 1930, kutoka kinywani mwa mtu aliyeketi na wasichana hao mahakamani, yalikuwa na uzito tofauti.

Mwaka huohuo daktari kijana, A.B. Xuma, ambaye baadaye aliiongoza ANC na chini yake wanawake wakapewa uanachama kamili, alichapisha kijitabu cha maisha ya Charlotte, na Du Bois akakiandikia utangulizi. Kichwa chake kilitangaza yale ambayo msichana wa Kiafrika aliyesoma anaweza kuyafanya. Charlotte alikuwa anakaribia miaka 60, na bado aliitwa msichana. Xuma alikusudia sifa, na wachapishaji walikuwa wanawake wa chama kilekile cha misheni kilichojenga Evaton, waliotaka kuwaonyesha wachangiaji senti zao zilikwenda wapi. Bila kijitabu hicho tungekuwa na habari zake chache mno.

Miaka ya mwisho aliitumia katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kiafrika, lililochipuka kutoka mkutano mkubwa wa Bloemfontein wa Desemba 1935, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki Kliptown tarehe 16 Oktoba 1939.

Narudi Morogoro sasa, kwa maana ahadi ya kichwa cha makala hii sijaitimiza. Jumuiya ya ANC iliyokaa hapa ilikuwa ya vijana, na palipo na vijana wa kike na wa kiume pana mimba. Chama kilikuwa na makazi ya kina mama na watoto wachanga yaliyobeba jina la Charlotte Maxeke. Wenyewe waliyataja kwa ufupi, kwa jina la kwanza tu, na baadaye jina hilo likawa la kituo cha kulelea watoto pale Mazimbu. Msichana wa sekondari aliyepata ujauzito alipelekwa huko, na masomo yake yakasimama. Mvulana aliyempa mimba kwa kawaida aliendelea na kipindi cha hisabati. Mwenye kituo hakutupwa: alipata kitanda, chakula, wakunga, na watoto wake walilelewa vizuri. Wala kurudi darasani hakukufungwa kabisa. Kwa chama kilichokuwa uhamishoni katika nchi maskini, hilo halikuwa dogo. Lakini kuambiwa "umepelekwa kwa Charlotte" hakukuwa sifa. Jina la mwalimu aliyetumia maisha yake kutetea kwamba msichana asibebeshwe peke yake mzigo uliosababishwa na wengi, lilikuwa limegeuka kuwa jina la mahali ambapo msichana hubeba mzigo huo peke yake.

Wakati ule hatukuwa na haki ya kuwanyooshea kidole, na sidhani kama tunayo leo. Kwenye shule zetu wenyewe msichana mwenye mimba hakupelekwa popote, alifukuzwa. Mwaka 2017 tuliambiwa kutoka jukwaa la juu kabisa la nchi kwamba hatarudi darasani, na katazo hilo liliondolewa Novemba 2021. Nimefundisha watu wazima walioingia chuo kikuu kwa kupitia vichochoro vya elimu ya watu wazima kwa sababu walizaa wakiwa kidato cha pili. Mmoja wao alikuwa katika kundi lile la Mazimbu. Wakati wengine wanapiga picha kwenye makaburi ya wapigania uhuru, yeye alibaki nyuma akaniuliza kama hotuba ile ya 1930 inapatikana, na kama imo kwa Kiswahili.

Nimeanza kuifasiri kwa ajili ya semina ya muhula huu. Kazi inakwenda polepole. Nimekwama mwanzoni kabisa, pale anapoweka msingi wa hoja yake, kwa sababu Kiingereza chake kina neno tofauti kwa jengo na neno tofauti kwa mahali mtu anapotoka na kurudi. Sisi tuna nyumba, tuna nyumbani, tuna kwao. Nilijaribu "nyumbani", nikaifuta. Binti yule aliposoma rasimu alinishauri niandike "kwao", kwa maelezo kwamba msichana aliyesimama mbele ya hakimu huulizwa hivyo kabla ya swali lingine lolote: kwenu wapi?